Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Indonesia: ngome zimepona, wenye mkarafuu je?

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kuomba kwamba, mnapoiandika upya Njia ya Viungo, msiwasahau wakulima wa karafuu.

Nnayo hapa noti yenu ya rupia 1,000, ile iliyotoka mwaka 2000. Jamaa yangu mmoja baharia ndiye aliyeniletea, imekunjwa mara nne ndani ya pakiti ya sigara. Upande mmoja yupo Pattimura, shujaa wenu aliyepigana na Waholanzi. Upande wa pili ni bahari, mvuvi, na visiwa viwili vya Maluku, Maitara na Tidore. Jamaa alidhani kaniletea picha nzuri ya bahari, nami sikumwambia kitu. Lakini mimi ni mtoto wa wakulima wa karafuu wa Pemba, na kule kwenye visiwa vile ndiko asili ya kilichotulea.

Sisi nasi mkarafuu tumeuweka pale pawekwapo vitu vya heshima. Tazama Ngao ya Taifa ya Tanzania: miguuni mwa mwanamume pana mkarafuu, miguuni mwa mwanamke pana pamba. Desemba 1963, Zanzibar ilipopata uhuru, bendera iliyopandishwa ilikuwa nyekundu, na katikati karafuu mbili ndani ya duara la kijani. Bendera ile haikumaliza hata miezi miwili. Mkarafuu umebaki.

Mti huu haukufika kwetu kwa heri. Wewe hayo unayajua kuliko mimi, ila wasomaji wenzangu huenda hawajayasikia, basi niruhusu kidogo. Mwaka 1652 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilitiliana saini na Sultani Mandar Syah wa Ternate, kisiwa jirani na Tidore, mkataba wa kuing'oa mikarafuu katika himaya yake, ili karafuu zibaki Ambon na visiwa vya jirani, mahali ambapo Mholanzi aliweza kuzilinda. Sultani akawa analipwa fedha kila mwaka. Raia wakawa wanavutishwa makasia ya kora-kora, yale mashua marefu ya vita, kwenda kukata miti ya wenzao. Kila niyasomapo haya huona jambo moja tu: mtu ameshika kasia kupeleka shoka kwenye shamba la jirani yake.

Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, Mfaransa, wakaitorosha miche ya mkarafuu kutoka Maluku hadi kisiwa kinachoitwa leo Morisi. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa sana ni la Saleh bin Haramil. Seyyid Said akamnyang'anya mashamba, kisha akaamrisha wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Waliochimba mashimo, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa. Katikati ya karne ile Zanzibar ilikuwa imeshaishinda Maluku sokoni. Tufani ya 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, zamu ikawa yetu Wapemba.

Halafu ikaja ajabu nyingine, hii imo ndani ya kumbukumbu ya wazee wetu. Sigara zenu za kretek, zile zinazolia zikivutwa, zikawa zinahitaji karafuu kuliko mlizokuwa nazo, na kwa miaka mingi mkawa mnanunua za kwetu. Babu yangu hakujua Indonesia iko upande gani wa dunia. Aliijua kama bei. "Indonesia wanunua," akisema, na siku hiyo mtu aweza kukopa bati dukani. Mlipojipandia za kutosha, miaka ya 1980, bei ikaporomoka na yeye akaacha kuitaja nchi yenu. Simlaumu mtu. Mti ulikuwa wenu.

Ninalokuandikia ni hili. Serikali yenu inaiandika upya Njia ya Viungo, Jalur Rempah, ile njia ya kale ya biashara ya baharini, ili dunia iitambue. Mwaka 2022 meli ya Dewaruci ilitoka Surabaya na vijana, ikapita Makassar na Baubau, ikafika Ternate na Tidore, kisha Banda na Kupang. Kazi nzuri. Tena tangu mwishoni mwa 2024 utamaduni umepewa wizara yake peke yake, haugawani meza na elimu, kwa hiyo wa kuombwa anajulikana. Naomba tu, katika kuiandika njia hiyo, msiandike ngome na meli mkamsahau mtu wa juu ya mti.

Ngome haina shida ya kutetewa. Oranje pale Ternate imesimama tangu 1607. Ni ya mawe, ina tarehe, mgeni hupiga picha akaondoka ameridhika. Lakini aliyeijenga ndiye yule yule aliyekata miti. Mkarafuu mkongwe wa mlima Gamalama, hapo hapo Ternate, ule unaoitwa Afo na kusimuliwa kuwa na umri wa karne nne, umekwisha kufa, ukabaki kigogo. Wapo wanaosema miche ya Poivre ilitoka kwake. Sina haja hilo liwe kweli. Kwangu yatosha kuwa watu walikuwa na mti wenye jina.

Nikueleze kwa nini nalishikilia hili. Nilipokuwa mdogo kazi yangu msimu wa karafuu ilikuwa kuchambua. Jioni magunia yakimwagwa uani, tunakaa duara chini ya karabai. Unashika kishada kwa mkono wa kushoto, unakigonga na kukizungusha kwenye kiganja cha kulia, karafuu zinadondoka huku, makonyo yanakwenda kule. Vidole vinageuka vyeusi, na ukijisahau ukajifikicha jicho, utalala ukilia. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi. Bibi yangu hakuwa na saa wala kipimo. Alichota karafuu chache akazivunja sikioni: ikilia "ta" imekauka, ikikunjika kimya irudi juani. Wingu likionekana upande wa bahari, yeye ndiye aliyeamua kama ni la mvua au la kupita, na neno lake likikosea msimu mzima ulioza.

Hayo hayakuandikwa popote. Bibi alipofariki nilidhani nimeyahifadhi yote kichwani. Mwaka juzi mwanangu akaniuliza jina la karafuu iliyochelewa kuchumwa ikafunguka ua. Bibi alikuwa na neno lake. Nilikaa kibarazani hadi magharibi silipati. Mama naye halikumbuki.

Wakulima wanajua kwamba mbegu ya mkarafuu haiwekwi. Si kama mahindi ukayatundika dohani hadi mwakani. Siku chache tu baada ya tunda kuiva, usipoiatika, imekufa. Maneno ya bibi yalikuwa hivyo hivyo, na sidhani ya wazee wa visiwa vyenu vya Moti na Makian ni tofauti.

Kwenu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ya lugha. Kiternate na Kitidore si ndugu wa Kiindonesia wala wa Kimalay. Ni lugha za ukoo mwingine kabisa, wa Halmahera Kaskazini. Mtoto wa mjini Ternate leo anakulia kwenye Kimalay cha huko. Likipotea neno la Kiternate la mkarafuu, halitaokotwa Java. Sheria yenu Namba 5 ya mwaka 2017 inataja mambo kumi ya utamaduni ya kuendelezwa, na ndani yake mna masimulizi ya mdomo, lugha, maarifa ya jadi na teknolojia ya jadi. Mzee mmoja mchumaji wa Tidore, mwenye ngazi yake ya mwanzi, anayabeba yote manne kwa pamoja.

Basi wapelekeni vijana wa Jalur Rempah mashambani, wakae msimu mzima, si siku mbili za sherehe na shada la maua. Wawarekodi wazee kwa lugha yao kwanza, Kiindonesia baadaye. Wawaulize na wanawake, kwa sababu kwetu aliyejua kukausha alikuwa mwanamke, na wageni wenye madaftari siku zote walimhoji mwenye shamba. Waulize pia yanayouma: nani alishika shoka, nani alivuta kasia. Sisi huku ya utumwa tumeyazungumza kwa shida, na mashamba mengi ya utalii wa viungo Unguja bado mgeni huvishwa kofia ya makuti, akanusishwa mdalasini, akarudi hotelini hajasikia neno "mtumwa". Msituige hapo.

Na njia yenu isiishie bandari za Ulaya. Jahazi lenu la Samudra Raksa, lililojengwa kwa kufuata picha za kuchongwa za Borobudur, hekalu la kale la Java, kati ya 2003 na 2004 lilivuka hadi Shelisheli na Madagaska, likazunguka Cape Town mpaka Ghana. Lilitupita! Safari nyingine tieni nanga Mkoani au Wete. Hatutakuwa na ngoma kubwa ya kuwapokea, lakini kama mtakuja msimu wa kuchuma tutawapa jamvi mkae mchambue nasi, na mtaona kama mikono inakwenda namna moja.

Mimi kwa upande wangu nimeanza. Nimemrekodi mama kwa simu, maneno arobaini na kitu mpaka sasa, mengine anayakumbuka usiku akanigongea mlango. Lile la bibi bado. Kama wizara yako itapata mtu wa kuniandikia kutoka Ternate, swali langu la kwanza kwake ni dogo: kile kijiti chenye ncha ya kupinda, cha kuvutia tawi lisilofikika, wao wanakiitaje? Sisi twakiita upembo.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa karafuu, Pemba