Huduma ya kwanza ya porini isipimwe kwa kipimo cha mjini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na waongoza watalii, walimu wa skauti, wapanda milima na yeyote anayepeleka watu mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki. Cheti cha huduma ya kwanza kilichopatikana ukumbini ni mwanzo mzuri, lakini huko hakitoshi. Kozi nyingi za kawaida zimejengwa juu ya dhana kwamba msaada utafika baada ya dakika chache. Porini unaweza kuusubiri usiku kucha. Ndiyo maana mafunzo ya porini huchukulia kwamba hospitali iko mbali kwa zaidi ya saa moja. Kozi yake ya msingi huchukua takriban saa 16, na ile ya waongozaji wa safari hufika saa 70 hadi 80. Sehemu kubwa ya muda huo wa ziada hutumika kujibu swali moja: jeraha umeshalifunga, sasa utamtunzaje mtu huyu mpaka asubuhi?

Tuanze na damu, maana ndiyo inayoua haraka. Kila mtu ameambiwa akandamize jeraha, na karibu kila mwanafunzi hukandamiza nusu dakika kisha akainua kitambaa achungulie. Kila akichungulia anabandua damu iliyoanza kuganda, na kazi inaanza upya. Tumia viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili wako juu yake, dakika 10 kwa kutazama saa. Jeraha likiwa limezama ndani, kama la kinena au kwapa, shashi ishindiliwe humo mpaka iguse pale damu inapotokea, ndipo ukandamize.

Damu ya mkono au mguu ikigoma kusimama, funga mkanda wa kuzuia damu sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, usikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Upana wake usipungue sentimita 4, kwa kuwa kamba nyembamba au waya huchana nyama na kuumiza neva. Uzungushe kwa kijiti mpaka damu isimame kabisa. Kosa la kawaida hapa ni huruma: majeruhi analia, mwokoaji anaacha kukaza. Mkanda uliokazwa nusu huziba vena zinazorudisha damu lakini huiacha ateri ikiendelea kuileta, kwa hiyo jeraha hutoka damu zaidi kuliko kabla. Mwambie mapema kwamba itauma sana. Andika saa uliyofunga, na usiulegeze kila mara eti mguu upumue. Asiyefundishwa namna ya kuubadilisha kwa bendeji ya kukandamiza kabla ya saa 2 kupita auache hivyo hivyo mpaka kwa daktari.

Damu ikishasimama, mjini kazi ya kuosha ingeachiwa zahanati. Porini ni yako. Lita moja ya maji ya kunywa ndiyo kima cha chini kwa jeraha lenye udongo, yakirushwa kwa nguvu kutoka bomba la sindano la mililita 20 au mfuko safi wa plastiki uliotobolewa tundu dogo. Spiriti haifai ndani ya jeraha, inaua nyama hai pamoja na vijidudu. Jeraha chafu au la kung'atwa na mnyama usiligandishe kwa plasta likafungika, lifunike tu.

Kwa mfupa uliovunjika, uzuri wa gango, yaani kitu kigumu kinachofungwa kuuzuia usisogee, haupimwi kwa macho. Kabla ya kulifunga, tafuta mapigo ya mshipa chini ya palipovunjika, muulize kama anahisi unapomgusa, mwambie achezeshe vidole. Funga, kisha rudia yale yale matatu. Rudia tena kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa sababu mguu huendelea kuvimba, na bendeji iliyokaa vizuri mwanzoni hukaba baadaye. Kwa hiyo vidole vibaki mahali unapoweza kuviona. Kukiwa na baridi vivalishe soksi inayovulika. Mfupa ukiwa umevunjika katikati, gango lishike kiungo cha juu na cha chini yake, na mashimo yote, nyuma ya goti na pembeni mwa kifundo, yajazwe nguo. Fimbo mbili za kutembelea na mkeka wa sponji wa kulalia vinatosha kabisa.

Baridi husahaulika hata na wazoefu. Aliyepoteza damu hupoa hata mahali penye joto, na damu ya mwili uliopoa haigandi sawasawa. Watu humrundikia blanketi juu huku ardhi ikimnyonya joto kwa chini. Weka chini yake angalau kiasi kile kile unachoweka juu, vua nguo zilizolowa, na kama anameza vizuri mpe kinywaji chenye sukari. Aliyekuwa akitetemeka akiacha bila kupata joto na akaanza kuropoka, hajapona, amezidiwa. Mbebe kwa upole, maana moyo uliopoa unaweza kuvurugika kwa mtikisiko tu.

Kuhusu nyoka tunaomba tusikike. Usichanje, usinyonye, usiweke barafu, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda kumwinda nyoka. Vua pete, saa na viatu kabla ya uvimbe. Sumu nyingi husafiri kwa njia ya limfu, majimaji ya mwili yanayosukumwa na misuli, hivyo aliyeumwa abebwe, asitembee, na kiungo kilichoumwa kifungwe gango kisichezwe. Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe na uandike saa pembeni. Daktari ataona kasi yake. Kope zikianza kulegea au mate yakimshinda kumeza, jiandae: pumzi zaweza kukatika huku moyo bado unapiga, na kumpulizia mdomo kwa mdomo kwa zamu, hata kwa saa kadhaa, kumeokoa watu.

Sasa sehemu ambayo wanafunzi wengi huisinzilia, nayo kwetu ndiyo kiini cha fani hii: kuandika. Mapigo ya moyo kwa dakika, pumzi kwa dakika, rangi na unyevu wa ngozi, na kama yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa. Kila dakika 15. Kila dakika 5 kama hali ni mbaya. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Mtu aliyeanguka mwambani akiwa na mapigo 110 huenda ameogopa tu, na baada ya nusu saa yatashuka kuelekea 80. Lakini yakienda 84, 96, 112, ngozi ikipauka na kulowa jasho la baridi, shuku damu inayovuja ndani ya tumbo, na uamuzi wa kusubiri pakuche unabadilika hapo hapo. Bila karatasi hakuna atakayekumbuka namba hizo usiku wa manane.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo ujumbe wa kuomba msaada: mahali mlipo, idadi ya majeruhi, kilichotokea, vipimo na saa zake, mlichofanya, mnachohitaji. Watumwe watu wawili, si mmoja, na wapewe nakala iliyoandikwa. Habari iliyobebwa kichwani kwa mwendo wa saa nne hufika imepungua.

Ushauri wetu kwa wanaochagua kozi ni kumuuliza mwalimu kabla ya kulipa. Ni saa ngapi tutakuwa nje? Tutafanya zoezi gizani, au mvua ikinyesha? Nitafunga gango kwa vitu vya begi langu mwenyewe, au vya kabati la darasani? Tutambeba mtu kwenye machela mita mia kadhaa katika njia ya mawe? Zoezi hilo hufundisha upesi kwamba watu sita hawatoshi kwa safari ndefu. Akijibu kwamba yote yatafanyika kwa picha ukutani, tafuteni mwingine. Na kwa kuwa ujuzi wa mikono hufifia ndani ya miezi michache hata kama cheti bado ni halali, kila kikundi kifanye zoezi kabla ya kila safari: mmoja alale chini, apewe jeraha la kubuni, na wenzake wamhudumie kwa saa nzima, vipimo vikiandikwa mpaka mwisho.

Wenu,
Wakufunzi wa huduma ya kwanza ya porini