Maziwa ya Mama Mzazi Yatangulie

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu watoto njiti wanaolishwa kwa bidhaa zilizotengenezwa kutokana na maziwa ya binadamu pekee. Nakubaliana na mengi yaliyoandikwa, ila mimi, kama muuguzi wa watoto wachanga, naona mlilipita upesi mno jambo linaloamua mtoto atapata maziwa gani, yaani msaada anaopewa mama yake katika saa za kwanza baada ya kujifungua.

Hatari mliyoieleza, ya ugonjwa wa utumbo, ni ya kweli. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 haujakomaa, na sehemu yake inaweza kuvimba na kufa kwa muda mfupi sana. Utafiti wa Alan Lucas na Tim Cole, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kuwa ugonjwa huo uliwapata watoto njiti walionyweshwa maziwa ya kopo peke yake mara 6 hadi 10 zaidi ya walionyweshwa maziwa ya binadamu peke yake. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza maziwa ya mama mwenyewe kwanza na, yakikosekana, yale yaliyochangiwa na mama mwingine.

Neno hilo, "yakikosekana", ndilo linalonisumbua. Kwa kawaida mtoto ambaye hajafikisha takriban wiki 34 hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwa hiyo hulishwa kwa mrija, na titi lisilonyonywa wala kukamuliwa hukauka. Mama wa mtoto huyo anapaswa kuanza kukamua ndani ya saa chache, na kuendelea mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, hata kama yeye mwenyewe ametoka kwenye upasuaji. Nimewaona akina mama waliopata matone machache tu ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, wakaambiwa wapumzike kwanza kwa kuwa maziwa hayajatoka, ilhali matone hayo hayo tungeweza kumpaka mtoto ndani ya mashavu. Walipoletewa pampu siku ya tatu, kazi ilikuwa ngumu maradufu, na wengine waliondoka wakiamini kwamba miili yao ndiyo iliyoshindwa.

Siyapingi maziwa ya benki, yaani hayo yanayochangiwa na akina mama wengine, kwani nimewaona watoto yaliowavusha. Hata hivyo, maziwa hayo hupashwa moto wa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30, na moto huo unaoua virusi na bakteria hupunguza pia baadhi ya kinga na kuharibu kimeng'enya kinachosaidia kusaga mafuta. Aghalabu hutoka kwa akina mama waliojifungua watoto waliotimiza miezi tisa tumboni, ambao maziwa yao yana protini kidogo kuliko ya mama wa mtoto njiti katika wiki za mwanzo.

Kuhusu virutubisho vya kuongezwa katika maziwa, ni kweli kwamba mtoto wa chini ya gramu 1,500 huhitaji protini, kalisi na fosforasi zaidi. Lakini utafiti wa mwaka 2010 unaotajwa sana kutetea virutubisho vilivyotengenezwa kutokana na maziwa ya binadamu uliwalinganisha watoto waliopewa virutubisho hivyo na kundi ambalo, mbali na kirutubisho cha maziwa ya ng'ombe, lilipewa pia maziwa ya kopo pale ya mama yalipopungua. Tofauti iliyoonekana haiwezi kuhesabiwa kwa kirutubisho peke yake. Kabla hospitali haijatumia fedha nyingi kununua bidhaa hizo, ijiulize kama kando ya kila kitanda cha mtoto njiti kuna kiti cha mama, pampu safi, na mtu wa kumwelekeza hata saa nane usiku.

Naomba makala yenu ijayo iwaulize wakuu wa hospitali ni akina mama wangapi wa watoto njiti walioanza kukamua ndani ya saa 6 za kwanza, na ni watoto wangapi walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa bado wanapata maziwa ya mama zao. Katika wodi niliyoanzia kazi, hesabu hiyo haikuwa ikiandikwa popote.

Muuguzi wa watoto wachanga