Kwa mdogo wangu, kuhusu ile safari ya Istanbul

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe ulioutuma kwenye kundi la familia nimeusoma, na shemeji yako, mume wangu, ameusoma pia, ingawa hakusema neno. Umeandika kwamba ulitugharimia safari, ukatupangia kila kitu hadi saa ya kulala, na sisi tukakulipa kwa kukuacha peke yako kwenye gati la Eminönü na tiketi za boti mkononi. Ndugu zetu wamekupa pole, na mmoja wao amediriki kuandika kwamba watu wakishafika umri wetu ni vizuri watulie nyumbani. Kwa kuwa umelisema jambo hili mbele ya watu, nami nitalijibu mbele ya watu, ili waliosikia upande wako wasikie na wangu.

Nianze kwa kukushukuru, na shukrani hii inatoka moyoni. Ulitutafutia hoteli hatua chache kutoka kituo cha tramu, ukasisitiza tupewe chumba cha chini kwa sababu ya goti la shemeji yako, na ulichukua dawa zangu za presha ukaziweka kwenye mkoba wako ili nisije nikazisahau. Hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni. Siku ya kumzika Mama, sote tukiwa hatujiwezi, ni wewe uliyesimama ukapokea wageni, na sijasahau hata kidogo. Kwa hiyo mtu asije akadhani naandika kwa chuki.

Lakini ile ratiba, mdogo wangu. Siku moja ulitupangia Msikiti wa Sultan Ahmed, Hagia Sophia iliyokuwa kanisa na sasa ni msikiti, hodhi la maji la chini ya ardhi, kasri la Topkapı, soko la Kapalıçarşı, halafu boti ya kuzunguka mlango wa bahari wa Bosphorus kabla ya jua kuzama. Kwenye ramani maeneo hayo yamekaa karibu karibu, nami nakubali kwamba kijana mwenye miguu mizima angeweza kuyapitia yote kwa siku moja. Kuyapitia, nasema, si kuyaona. Topkapı peke yake ina nyua nne, moja nyuma ya nyingine, na mtu akitaka kuutazama kwa utulivu hata ule mmoja wenye hazina, nusu siku inakwisha. Kushuka kwenye lile hodhi ni ngazi 52, na ukishuka ni lazima upande tena. Kapalıçarşı ina vichochoro zaidi ya 60 vilivyoezekwa, vyenye watu wanaosukumana kutoka asubuhi hadi jioni. Mji wenyewe ni wa vilima, barabara nyingi za zamani zimetandikwa mawe, na jiwe lililolainishwa na miguu ya watu huteleza hata bila mvua. Ulilijua goti la shemeji yako ulipokuwa ukichagua chumba, ila ulipokuwa ukipanga siku nzima ulilisahau.

Hata hivyo, nisingeandika barua kwa ajili ya uchovu. Uchovu hulala nao mtu akaamka amepona. Naandika kwa ajili ya yale yaliyotokea ndani ya Hagia Sophia, ambayo wewe hukuyataja hata kwa neno moja, na huenda huyakumbuki.

Unajua shemeji yako alivyolizungumzia jengo lile tangu alipokuwa akimjengea Baba nyumba. Wewe ulikuwa mdogo, ukimshikia timazi na kumuuliza maswali yasiyokwisha, naye akikujibu yote. Mtu aliyeshika mwiko na pima maji maisha yake yote haingii katika jengo kama lile kwa macho ya mtalii. Tulipofika ghorofa ya juu, ambako ndiko wageni wanakoruhusiwa kufika siku hizi kwa kuwa sakafu ya chini ni ya wenye kuswali, aliegemeza fimbo yake kwenye ukingo wa marumaru, akashika ukingo kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kunichorea hewani jinsi uzito unavyoteremka. Alinionyesha kwamba kuba ile ya upana wa mita 31 hivi haikukaa juu ya ukuta wa duara, bali imekaa juu ya matao manne yanayofanya umbo la mraba, na kwamba katika kila pembe kuna pembetatu iliyopinda inayoupokea mviringo na kuukabidhi kwa nguzo kubwa iliyo chini yake. Aliniambia nihesabu madirisha yanayoizunguka kuba kwenye kitako chake. Ni 40. Mwanga unapoingia kwa pamoja kutoka kwenye madirisha hayo, macho hayaoni kinachoibeba kuba.

Hapo alikuwa amechangamka kama ambavyo sijamwona tangu alipoacha kazi. Aliniambia kwamba jengo lote lilijengwa kati ya mwaka 532 na 537, chini ya miaka sita, na wajenzi wake walikuwa Anthemius na Isidore, waliomjengea mfalme Justinian. Akaniambia kwamba kuba ya kwanza ilikuwa bapa kupita kiasi, ikasukuma kuta nje, matetemeko yakaitikisa, na mwaka 558 ikaanguka. Aliyeijenga upya alikuwa Isidore mwingine, mpwa wa yule wa kwanza, ambaye aliinua kuba juu zaidi ili msukumo wake uelekee chini badala ya kwenda pembeni. Shemeji yako alikuwa akimsifu huyo mpwa, fundi aliyerithi kazi iliyoporomoka na akajua ni wapi ilipokosewa, na kidole chake kilikuwa kimefika nusu ya tao.

Ndipo ulipotokea nyuma yetu, simu mkononi, ukasema, "Shemeji, kuba ni kuba tu, tumeshaiona. Twendeni, boti haitusubiri." Ukaichukua fimbo pale alipoiegemeza, ukamtia mkononi, katika mkono ule ule aliokuwa akichorea.

Watu waligeuka kutazama. Yeye alicheka kidogo, akasema, "Haya, shemeji," akakunja kidole akaishika fimbo. Wewe ulikuwa umeshatangulia kuelekea njia ya kutokea, kwa hiyo hukuona kwamba aliinua macho tena mara moja, haraka haraka, kama mtu anayefanya kosa. Mimi niliona. Mwanamume wa umri ule, mwalimu wa mafundi wangapi, anatazama juu kwa kujiiba!

Umelalamika kuhusu gharama, kwa hiyo nami niseme habari ya gharama. Kuingia mle ndani mgeni hulipa euro 25, nawe ulitulipia. Fedha hiyo uliitoa ili tuone, kisha ukatuondoa kabla hatujaona. Nani hapo aliyeipoteza?

Sasa turudi Eminönü. Umesema tulikuacha. Dada yako nakwambia mbele ya kila anayesoma kwamba hatukukuacha. Tulishuka kwenye tramu, goti lake likiwa limevimba hata suruali inambana, nikakuomba tukae kwanza kwenye zile benchi zinazotazama maji. Ukasema muda hakuna. Nikakuomba mara ya pili, tena kwa jina lile tunalokuita nyumbani. Ukasema, "Nilijua tu," ukatazama saa. Mimi sikuinua sauti. Nilikuambia wewe nenda na boti yako, sisi tutapanda kivuko cha kawaida cha kwenda Kadıköy, na tutakutana hotelini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyeamua kubaki pale gatini amenuna badala ya kupanda boti aliyoilipia, au kufuatana nasi, ni wewe mwenyewe.

Na kivuko kile, mdogo wangu, kilikuwa na viti. Wenyeji wanakitumia kila siku kwenda kazini na kurudi, unapitisha ile kadi ya usafiri unayotumia kwenye tramu, na kwa dakika 20 hivi unavuka kutoka Ulaya hadi Asia umekaa, mtu anapita na sinia la chai. Tulikaa upande wa nje. Kilipoondoka gatini, mji wote wa kale ulijipanga mbele yetu, msikiti wa Süleymaniye juu ya kilima chake, Hagia Sophia karibu na ncha ya rasi, na yeye akamalizia kunieleza yale uliyoyakatiza. Tulifika Kadıköy, hatukwenda mbali, tukarudi na kivuko kilichofuata. Hakuna siku katika safari ile niliyoiona Istanbul vizuri kuliko siku hiyo.

Kwa kuwa najua kuna watoto wengi wanaotaka kuwapeleka wazazi wao kutembea katika miji ya namna hiyo, na wanafanya jambo jema, nawaomba wapange jambo moja kubwa kwa siku, na waliweke asubuhi. Waulize kwanza mzee anataka kuona nini, na wamwache alione hadi atosheke, hata kama wao wameshachoka kulitazama. Wajue kwamba Topkapı hufungwa Jumanne, kwamba Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, na kwamba Ijumaa mchana misikiti ni ya wenye kuswali, ili wasimtembeze mtu mwenye maumivu hadi mlango uliofungwa, kama ilivyotupata. Wajue kwamba kutoka mtaa wa Karaköy kupanda mtaa wa Beyoğlu kuna reli fupi ya chini ya ardhi inayofanya kazi tangu mwaka 1875, na hakuna sababu ya kumpandisha mtu wa miaka 70 ule mlima wa Galata kwa miguu eti apate mandhari. Wajue vyoo viko wapi. Mwanamke anayetumia dawa za presha hawezi kuambiwa avumilie mpaka kituo kinachofuata, nawe unajua dawa hizo zinavyofanya kazi, kwa sababu ulikuwa nazo mkobani mwako. Ndiyo maana siku zilizobaki nilikuomba unirudishie. Hukupenda. Ulisema nakutendea kama mgeni. Nilitaka tu dawa zangu ziwe mahali nilipo mimi.

Umeandika pia kwamba baada ya siku ile tulikuwa "tunajifungia." Hatukujifungia. Tulikuwa tukiamka, tukinywa chai bila haraka, na kutoka jua likiwa limepanda. Tulikwenda Süleymaniye kwa teksi hadi langoni, tukakaa chini ya kuba kadiri tulivyotaka, kisha tukatoka bustanini kutazama ule mkono wa bahari uitwao Pembe ya Dhahabu. Nje ya ukuta, kwenye kona ya barabara, kuna kaburi dogo la Sinan, fundi aliyeujenga msikiti ule na kuumaliza mwaka 1557. Sultani amezikwa ndani, katika jengo lake mwenyewe, na fundi amezikwa pale pembeni, karibu na kazi yake. Shemeji yako alisimama hapo muda mrefu, akasoma dua. Tungekuita ushuhudie, lakini ulikuwa umeondoka na kundi la watalii kwenda Visiwa vya Wana wa Mfalme, na hukutuaga.

Huyo Sinan namtaja kwa sababu nyingine pia, kwa faida ya yule ndugu yetu aliyeandika habari ya umri. Inasimuliwa kwamba Sinan aliuhesabu msikiti wa Şehzade kuwa kazi yake ya uanagenzi, Süleymaniye kazi ya fundi aliyehitimu, na Selimiye, ule msikiti wa mji wa Edirne, kazi ya ustadi wake kamili. Alipoanza kuijenga Selimiye alikuwa akikaribia miaka 80. Kuba yake inalingana na ile ya Hagia Sophia, na inabebwa na nguzo nane. Naomba ndugu yetu alifikirie hilo kabla ya kutuambia tutulie.

Nimeshakurudishia fedha za tiketi mbili za ile boti. Usizitume tena kwangu, na usimtumie shemeji yako, kwa sababu yeye hajui kama nimezilipa. Ile picha uliyoiweka, tukiwa tumesimama mbele ya Hagia Sophia, yenye maneno kwamba umewatimizia wazee ndoto yao, naomba uiache pale pale. Ni picha nzuri, na ametoka vizuri ndani yake, maana ilipigwa kabla hatujaingia.

Ana hamu ya kuiona Selimiye. Edirne ni kilomita 240 hivi kutoka Istanbul, kuna mabasi, na tumeanza kuweka akiba. Nauli yetu tutajilipia wenyewe. Wewe tunakuhitaji kwa sababu unajua kuuliza njia, unajua kupatana na watu wa hoteli, na kwa sababu hatuna mdogo mwingine tunayempenda hivi. Ukitaka kufuatana nasi, mpigie yeye simu, usinipigie mimi. Ratiba ataipanga yeye, na siku ya kuingia Selimiye hatutapanga jambo lingine lolote.

Dada yako