Leseni Baada ya Miaka 70

Norfolk, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifikia, nasi huku tu wazima, ila goti la wifi yako humsumbua kila baridi inapozidi. Umeniuliza kama ni kweli, kama walivyokuambia vijana, kwamba Uingereza mtu akitimiza miaka 70 hunyang'anywa leseni ya udereva. Si kweli, na kwa kuwa jambo hili limenishughulisha sana mwaka huu, niruhusu nikueleze kwa kirefu kidogo.

Leseni ya hapa hufikia kikomo mwenyewe anapotimiza miaka 70, na kuanzia hapo huhuishwa kila baada ya miaka 3, bila malipo. Siku 90 hivi kabla ya kikomo hicho, DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, hukuletea fomu nyumbani. Anayependa huomba kwa njia ya mtandao, mradi ajihadhari na madalali wenye tovuti zao wanaotoza fedha kwa kazi ambayo serikali huifanya bure. Hakuna anayekupandisha garini kukutahini, wala hakuna daktari anayekupima. Unaulizwa tu kama una maradhi yanayoweza kukuzuia kuendesha, kama vile kifafa, kizunguzungu cha ghafla, kisukari cha kudungwa insulini au presha ya macho, na kama macho yako yanatimiza masharti, likiwemo la kuweza kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20, kwa miwani ikiwa unaivaa. Unajibu, unathibitisha, kadi inakuja kwa posta. Anayeficha maradhi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Hapo ndipo moyo wangu hautulii. Nchi hii, inayodai hati kwa kila kitu, katika jambo la uhai wa watu inategemea kauli ya mzee mwenyewe, na mzee ndiye wa mwisho kukubali kwamba macho yake yamechoka. Mwaka 2025 mchunguzi wa vifo wa huko Lancashire, baada ya kusikiliza habari za watu wanne waliouawa na madereva ambao macho yao yalikuwa yameshindwa, aliiandikia serikali kuulaumu utaratibu huu kwa ulegevu wake. Tangu hapo kumekuwa na mazungumzo ya kufanya kipimo cha macho kuwa cha lazima kwa waliovuka miaka 70. Nami nasema waharakishe, hata kama sheria hiyo itanibana mimi mwenyewe.

Sikuingoja. Kabla ya kujaza fomu nilikwenda kwa mpimaji wa macho, huduma ambayo hapa England ni bure kwa aliyefikisha miaka 60. Aliniketisha mbele ya ubao wa herufi, akaziba jicho moja, kisha la pili, akachungulia ndani kwa kurunzi yake ndogo, akaniambia kwamba mtoto wa jicho ameanza upande wa kushoto, lakini bado ni mchanga, na kwamba ninavuka kiwango kinachotakiwa cha 6/12, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 12. Nilipomweleza kuwa usiku taa za magari yanayonijia hutawanyika hata nisione ukingo wa barabara, hakushangaa. Alisema ndiyo dalili yenyewe. Basi nimehuisha, lakini tumekubaliana na wifi yako kwamba gari letu halitoki baada ya magharibi, na London tutakwenda kwa treni. Ile ruhusa ya kuendesha lori la hadi tani 7.5, tuliyokuwa nayo sisi wenye leseni za kabla ya 1997, huondoka katika umri huu usipoleta ripoti ya daktari, nami nimeiacha iende zake.

Usidhani kuendelea kwangu kuendesha ni ukaidi. Kijijini kwetu basi hupita kwa nadra, na pasi ya wazee ya kupanda bure haisaidii pale ambapo basi lenyewe halipo, ilhali kliniki ya goti iko Norwich.

Sasa kuhusu kaka mkubwa. Umeandika kwamba bado anaendesha pikapu hadi Muheza, na kwamba juzi alipanda ukingo wa kipilefti mchana kweupe, akalilaumu jua. Nikimwambia mimi kwa simu atasema nimejifanya Mzungu. Kwa hiyo nakuomba umwambie mwanawe aegeshe gari lolote ambalo namba yake kaka haijui, wapime mita 20 kwa utepe, si kwa kukisia, kisha kaka amsomee namba hiyo. Akishindwa, apelekwe hospitali kabla hajashika usukani tena, na funguo azishike mama watoto wake. Huenda ni mtoto wa jicho tu, na huo hutolewa kwa upasuaji mfupi. Gharama nitaituma mimi. Niandikie ni kiasi gani mara tu watakapokutajia.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi kaka yako.