Hela za kutunza shamba, anzia ofisi ya kaunti

Dada yangu, za siku nyingi? Meseji yako nimeisoma yote, na ile picha ya korongo linalokata shamba lako katikati nimeiangalia sana, imeniuma. Nimeona nikuandikie kirefu maana kwenye simu tungeishia kukatizana.

Kwanza hao wanaokuambia ulipie wakutafutie "hela za bure za serikali", achana nao leo leo. Kuomba programu za Wizara ya Kilimo ya Marekani hakulipiwi hata senti, na mlango wake uko hapo hapo kaunti kwenu au kaunti jirani, kwenye jengo linaloitwa USDA Service Center. Piga simu uchukue miadi. Mara nyingi ndani utakuta ofisi mbili, FSA (ya huduma za mashamba) na NRCS (ya kutunza udongo na maji), na watu wengi wanaziona kitu kimoja kumbe kila moja ina kazi yake.

Anza na FSA uwaambie unataka namba ya shamba. Bila hiyo namba huendi popote. Beba kitambulisho, namba yako ya soshol sekyuriti na hati ya ardhi, au mkataba kama umekodi, maana hata wa kukodi anaomba ila aonyeshe ardhi itakuwa mkononi mwake muda wote wa programu. Utajaza fomu ya kuahidi kwamba hutalima ovyo ardhi inayomomonyoka wala kukausha ardhi oevu, halafu nyingine ya kipato, kwamba wastani wako wa mwaka hauzidi dola 900,000, ambako wengi wetu hatusogei hata karibu lakini fomu lazima. Watakupa ramani, picha ya shamba kutoka juu yenye mistari na namba ya kila kipande. Itunze sana, kila mtu utakayeongea naye ataiulizia.

Sasa NRCS. Hawa ndio wa udongo na maji, walianza 1935 wakati vumbi linafagia mashamba ya nchi hii, na kazi yao mpaka leo ni kuja shambani kwako kukushauri bure, hata kama hutaomba hela. Ushauri wangu, usiingie ukisema nataka hela ya kitu fulani, sema shida: udongo unaondoka, maji yanakata hapa, mahindi ya kule chini yanazama kila mvua. Wa kwetu alikuja na sepetu, akachimba bonge moja la udongo katikati ya mistari na lingine pembeni kwenye nyasi, akaniwekea yote mawili mkononi. La shambani lilikuwa gumu juu kama limepakwa saruji, mizizi imekunja kona kwenda pembeni, la kwenye nyasi likamomonyoka vidoleni lina matundu ya minyoo. Pale ndipo nilielewa kwa nini maji hayazami yanakimbia tu. Kwa korongo kama lako huenda wakakuambia usawazishe kisha uoteshe nyasi kwenye njia ya maji, na mazao ya kufunika udongo baada ya mavuno, lakini acha waje waone wenyewe.

Programu ya kuulizia kwanza ni EQIP. Inalipa sehemu ya gharama ya kazi mliyokubaliana, na hela inakuja baada ya kazi kukaguliwa. Wewe hujafikisha miaka 10 kwenye kilimo, kwa hiyo sema mapema kwamba ni mkulima anayeanza, kwa sababu kiwango chenu ni kikubwa zaidi, kinaweza kufika asilimia 90 ya gharama, na mnaruhusiwa kuomba angalau nusu mapema ya kununulia vifaa, ila itumike ndani ya siku 90. Hili wengine hawakuambii usipouliza! CSP ni ya anayetunza ardhi tayari na anataka kuongeza, mkataba miaka 5. CRP inakulipa kila mwaka, kama vile imekodi ardhi yako, ili kipande kipumzike miaka 10 mpaka 15, kwa ekari zako chache nisingeikimbilia labda ule ukingo wa kijito.

Na tafadhali dada, USIANZE kazi kabla mkataba haujasainiwa pande zote. Najua una haraka na mwenye greda amekupa bei nzuri, lakini ukishaanza bila ruhusa yao ya maandishi hiyo kazi hailipwi. Maombi wanapokea mwaka mzima ila wanayapanga kwa alama kwa tarehe ya mwisho ya kila jimbo, kwa hiyo uliza tarehe ya Iowa, na usipochaguliwa waambie maombi yabaki kwa awamu inayofuata.

Kuna ofisi moja mimi niliambiwa shamba langu dogo mno, nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Si kweli, EQIP haina kiwango cha chini cha ekari. Ukijibiwa hivyo omba risiti ya huduma, ile karatasi inayoandika umekuja lini, umeomba nini na umejibiwa nini, ni haki yako.

Usisahau pia wilaya ya hifadhi ya udongo ya kaunti, hao wana hela za jimbo, na Iowa ukipanda mazao ya kufunika kwa hela yako mwenyewe kuna punguzo la dola 5 kwa ekari kwenye bima ya mazao, ukiomba ukakubaliwa. Halafu ukishapata namba ya shamba uliza kuhusu kura ya kamati ya FSA ya kaunti, wanachaguliwa na wakulima wenyewe na watu wetu hatupigi kabisa, inanisikitisha kweli maana ndio wanaosimamia programu za FSA hapo kaunti.

Wakishakupa ramani nitumie picha, tuone korongo limeangukia kipande namba ngapi kabla hujakaa na afisa wa NRCS. Shemeji na watoto wasalimie sana.