Mwanangu anarusha vizuri nisipokuwepo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mbagala na nauza spea za pikipiki Gerezani. Sijawahi kuandika barua ya namna hii. Mama watoto hajui kama naandika, maana yeye ushauri wake alishanipa na mimi sikuusikiliza.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na anacheza besiboli. Usicheke. Siku alipokuja nyumbani na glavu ya kuazima mimi nilidhani kaanza ngumi, tena nikashangaa mbona ni ya mkono mmoja. Mchezo huu Wajapani ndio wamehangaika nao sana hapa mjini, na pale sekondari ya Azania tangu 2018 kuna uwanja unaoitwa Koshien, kwa jina la ule wa kwao ambako vijana wa sekondari wa Japani hushindania ubingwa. Habari za Koshien ya Japani mwanangu atakueleza mpaka chai ipoe. Wanaofungwa huchota udongo wa uwanja wakaenda nao nyumbani. Ananisimulia kama vile alikuwepo.

Yeye ni mrushaji. Nikueleze kidogo, la sivyo hutanielewa. Mrushaji husimama peke yake katikati kwenye kichuguu, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, na mpira anaourusha unatakiwa upite juu ya kibao kilicholazwa chini karibu na mpigaji, kati ya kifua na magoti ya mpigaji. Akikosea mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka beisi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vitatu anavyopaswa kupita ili arudi kwenye kibao na kupata pointi. Kwenye soka beki akiteleza kuna kipa, na kipa akikosa kuna mwamba. Hapa hakuna kitu kinachoanza mpaka yeye arushe, na akikosea wote wanasimama wanamtazama yeye.

Mwezi wa pili walikuwa na mechi ambayo walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, zamu ya mwisho, wapigaji wawili wa wapinzani wameshatolewa, bado mmoja mechi iishe. Mpigaji aliyefuata akatembea bure. Wa pili naye bure. Mimi niko pembeni nimeshika uzio, nikaanza: "Katikati! Rusha katikati!" Wa tatu bure. "Tulia! Wewe tulia!" Shangazi, ulishaona mtu ametulizwa kwa kupigiwa kelele? Wa nne naye akaenda bure, beisi zote zilikuwa zimejaa, kwa hiyo yule wa kwanza akasukumwa mpaka kwenye kibao, pointi ikaingia, matokeo yakawa sare. Mpira uliofuata ukapigwa mbali. Mechi ikaisha, wamefungwa.

Kocha wao huwapanga mstari baada ya kila mechi wanainama kwa wapinzani. Wenzake waliinua vichwa. Yeye alibaki ameinama.

Tangu siku hiyo, asubuhi ya mechi anatapika. Bibi yake anasema kijana amechezewa, akaleta maji ya dua, ameyanywa kwa heshima na bado akatapika. Mimi nilitundika tairi kuukuu kwenye mwembe wa uani, nikapima hatua 18, nikamwambia apitishe mpira ndani ya tairi. Nikiwa dukani, mdogo wake anahesabu, anasema kaka kapitisha saba kati ya kumi, siku nyingine nane. Nikirudi jioni nikakaa kwenye kigoda kumwangalia, mpira unagonga ukuta wa jirani. Nilidhani ni uchovu au giza. Mama yake akaniambia, bila hata kuacha kuchambua mchele, "Giza ni wewe."

Kocha, ambaye ni kijana tu lakini ana busara, alimfundisha kitu. Akikosea, ashuke kwenye kichuguu, atoe pumzi yote, achague kitu kimoja kisichosogea, nguzo au mti, akitazame, halafu arudi na kuuwaza mpira mmoja tu, ule ulio mkononi. Kitu kidogo, lakini mazoezini kinamsaidia. Kocha akapendekeza pia apumzike kurusha, acheze kwa muda ulinzi wa nje kule nyuma. Mimi nilikasirika, nikaona ni kushushwa cheo. Baadaye nikasoma habari za Rick Ankiel, mrushaji wa Marekani. Mwaka 2000, akiwa na miaka 21, kwenye mechi kubwa alirusha mipira mitano ya ovyo ndani ya zamu moja, na mkono wake haukuwahi kutengemaa sawasawa tena. Mwaka 2007 akarudi ligi kuu akiwa mchezaji wa nje, mpigaji mzuri tu. Nikanyamaza. Kijana mwenyewe ndiye aliyekataa kuhama.

Nimemaliza bando nyingi usiku nikisoma mambo haya. Nikagundua kwamba mpigaji anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi ni mtu wa kuheshimiwa, na kwamba Cy Young, mrushaji aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote, 511, ndiye pia aliyepoteza nyingi kuliko wote, 315. Nikambebea hizo habari kama mtu aliyeleta dawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Baba, hao baba zao walikuwa wanakaa wapi?" Nikamjibu sijui, nikadhani anauliza mambo ya viwanja vya Marekani. Siku tatu baadaye, niko kwenye daladala, ndipo swali likanifikia.

Mimi, Shangazi, nimekulia kwenye mpira wa miguu. Uwanja wa Mkapa unapiga kelele upendavyo, tuko watu elfu sitini, sauti yako inamezwa. Kwenye besiboli ya watoto wetu tuko watazamaji thelathini kwa wingi, na ishirini na tisa wamenyamaza.

Jumamosi moja nikamwambia nina mzigo unashuka dukani, siwezi kuja. Nikaenda. Nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Alirusha, Shangazi. Mara mbili alikosea, mara mbili nikamwona anashuka kwenye kichuguu, anatazama nguzo ya umeme, anarudi. Hakuna aliyetembea bure mwishoni. Mwenye bodaboda mmoja akaniuliza, "Mzee, yule dogo unamjua?" Nikasema simjui.

Jioni nilijua atakuja mwepesi, na kweli alikuja hivyo. Alinisimulia mechi nzima, mpira kwa mpira, akisimama kunionyesha. Mimi najifanya nauliza nani alishinda. Halafu akakaa, akasema, "Ungekuwepo, baba."

Hapo ndipo nilipokwama. Baba yangu hakuwahi kuja kuniona nacheza hata siku moja, na niliapa mwanangu hatatazama pembeni akakosa mtu wake. Sasa nikiwepo mkono unakufa, nisipokuwepo unapona, na mwenyewe ananitaka niwepo. Mama yake anasema nibaki nyumbani mpaka amalize shule. Kocha anasema nije lakini niwe mtu wa kupiga makofi tu, akikosea na akipatia, basi. Nimejaribu hilo nikitazama mechi kwenye simu, nimeshindwa hata kwa watu nisiowajua.

Jumamosi ijayo wana mechi nyingine. Ameshaniambia nisichelewe. Niende? Nikienda nikae wapi, na huu mdomo niufanye nini? Na lile la kijiwe cha bodaboda, nimwambie, au nikae nalo?

Baba wa mrushaji,
Mbagala, Dar es Salaam