Hamira Katika Kisanduku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Swali lako, kwamba jaribio la baiolojia litawezaje kufanyika angani ndani ya kisanduku kisicho na mtu, limenikaa moyoni, nami naomba nilijibu kwa kirefu.

Tuanze na hamira, ile ile tunayotilia maandazi. Mwezi Mei 2009 NASA ya Marekani ilirusha PharmaSat, setilaiti yenye urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa 10, ikiwa imebeba hamira katika vishimo 48. Ilipofika angani, hamira ililishwa, ikaanza kukua, kisha ikapewa dawa ya kuua kuvu kwa vipimo mbalimbali, huku taa ndogo zikimulika kila kishimo ili vihisio vipime ukuaji wake, na matokeo yakatumwa duniani kwa redio. Chombo chenyewe hakikukusudiwa kurudi, na hapo ndipo penye sehemu kubwa ya unafuu wake. Isitoshe, setilaiti za namna hii hupewa nafasi iliyobaki kwenye roketi inayobeba mzigo wa wengine.

Lakini unafuu huo una masharti mazito. Mtafiti hawezi kufungua kifuniko na kutazama tena, kwa hiyo kila analotaka kujua lazima alipange kabla ya safari. Naiheshimu sana nidhamu hiyo.

Wewe mfamasia utaipenda zaidi EcAMSat ya Novemba 2017. Hiyo ilibeba bakteria wa E. koli wanaoambukiza njia ya mkojo, wakapewa dawa ya gentamisini, ili ijulikane kama hali ya kukosa uzito huwafanya wawe sugu zaidi. Mwanaanga akiugua mbali na hospitali, dozi tuliyoizoea huku chini huenda isimtoshe. Mwaka 2022 hamira ilipelekwa mbali zaidi ndani ya setilaiti ya BioSentinel, kupita Mwezi, ili kuchunguza madhara ya mionzi ya angani, kwa kuwa hamira hurekebisha DNA iliyokatwa na mionzi kwa njia zinazofanana na zetu.

Sasa nakuomba uniandikie: ungepewa vishimo 48, bila nafasi ya kurudia, ungechagua dawa ipi, na ungeanza na kipimo gani?

Wako daima,
Salma